Mashine Yangu Itaibeba? Utangulizi wa Kusoma Mahitaji ya Gemu za Kompyuta

Muuzaji yeyote wa kompyuta, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, analijua swali hili: "Hii inabeba GTA?" Jibu lake huwa fupi: "Inabeba, hiyo ni Core i7." Mnunuzi analipa, anarudi nyumbani, na huko gemu inaweza kufunguka vizuri, ikafunguka huku ikikwamakwama, au isifunguke kabisa. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka jibu bora kuliko hilo na anayetaka kulipata mwenyewe bila kusomea uhandisi. Inawezekana. Kinachotakiwa ni kujifunza kusoma jedwali dogo linalowekwa chini ya kila gemu inayouzwa, lile la mahitaji ya mfumo, ambalo wengi wetu hulipitishia jicho na kuendelea.

Nakuomba msomaji ulichukulie jedwali hilo kama andiko. Lina mwandishi, lina tarehe, lina makusudi, na kuna mambo linayoyanyamazia. Ukilisoma hivyo, majina na tarakimu zake zinaacha kuwa za kutisha.

Tuanze na hiyo GTA V. Ilipofika kwenye kompyuta Aprili 2015, watengenezaji wake, Rockstar, waliitolea safu mbili za mahitaji. Ya kwanza, kima cha chini, ilitaja prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600, RAM ya GB 4, kadi ya grafiki ya NVIDIA 9800 GT yenye GB 1 na nafasi ya GB 65 kwenye diski. Ya pili, inayopendekezwa, ilitaja Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660 yenye GB 2. Mwenye mashine ya safu ya kwanza aliambiwa kwamba gemu itacheza. Hakuambiwa itacheza vipi: kwa skrini ya ukubwa gani, kwa mipangilio ipi ya picha, kwa wepesi gani. Na hapo ndipo penye kiini cha somo letu lote. Kuuliza kama mashine inabeba gemu bila kusema unataka kuiona vipi ni sawa na kuuliza nauli bila kutaja unakoshuka.

Unakoshuka hutajwa kwa mambo matatu. La kwanza ni fremu. Kinachoonekana kusogea kwenye skrini ni mfululizo wa picha tuli, na kila moja ni fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila picha. Ukiridhika na fremu 30, inapata milisekunde 33.3. La pili ni pikseli. Skrini ya 1920×1080 ina pikseli 2,073,600. Skrini ya 4K, yaani 3840×2160, ina pikseli 8,294,400, mara nne kamili. Kompyuta mpakato nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina skrini ya 1366×768, ambayo ni pikseli 1,049,088, takriban nusu ya zile za 1080. La tatu ni mipangilio: vivuli, umbali unaoonekana, uangavu wa maji, ukali wa picha zinazofunika kuta na nguo.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa ishike mizizi mapema. Kadi ya grafiki huchoshwa hasa na pikseli na mipangilio. Prosesa huchoshwa hasa na idadi ya fremu na wingi wa mambo yanayotokea: watembea kwa miguu, magari, risasi, maamuzi ya maadui. Kwa hiyo ukishusha ukubwa wa picha, kadi inapumua lakini prosesa haipati nafuu yoyote. Mtu anaweza kushusha kila kitu mpaka picha iwe ukungu na bado mji wa Los Santos, wa ndani ya GTA V, ukamkwamia palepale, kwa sababu iliyolemewa ni prosesa. Mwenye skrini ya 1366×768 anayesoma jedwali lililoandikwa kwa skrini ya 1080 anaweza kuwa na matumaini zaidi kwenye mstari wa kadi, lakini mstari wa prosesa ausome kama ulivyo.

Majedwali ya siku hizi yameanza kutaja unakoshuka, na hilo ni jambo la kupongezwa. CD Projekt Red ya Poland ilipoandika upya mahitaji ya Cyberpunk 2077 mwaka 2023, ilieleza waziwazi kwamba kima cha chini ni cha skrini ya 1080, fremu 30, mipangilio ya chini. Na safu inayopendekezwa ni ya skrini hiyohiyo, fremu 60, mipangilio ya juu. Hili ni jedwali la mwandishi anayemheshimu msomaji wake. Ila uwazi huo umekuja pamoja na jambo jipya la kuangalia. Gemu nyingi sasa huchora picha ndogo kisha programu huikuza ijae skrini. Alan Wake 2, iliyotolewa na Remedy ya Finland Oktoba 2023, iliandika kima cha chini cha 1080 huku ikitegemea ukuzaji wa namna hiyo. Monster Hunter Wilds ya Februari 2025 ilikwenda mbele zaidi: safu yake inayopendekezwa iliahidi fremu 60, lakini kwa kuwasha utungaji wa fremu, ambapo kati ya fremu mbili zilizochorwa kweli huingizwa nyingine ya kukisiwa. Macho yanaona wepesi. Mkono ulioshika kipanya hauupati, kwa kuwa gemu yenyewe inaitikia kwa kasi ya fremu za kweli. Naona si haki kuandika 60 kwenye safu ya mapendekezo kwa njia hiyo, hata kama maelezo yamewekwa kwa herufi ndogo pembeni. Basi ukikuta idadi ya fremu, endelea kusoma mpaka mwisho wa mstari.

Masharti yenyewe hayako sawa. Mengine ni ya kiasi: ukipungukiwa, unapata kidogo. Mengine ni ya ndiyo au hapana: ukikosa, hakuna gemu. Jedwali huyaweka pamoja kana kwamba ni ndugu, na wanunuzi wengi wanaopoteza pesa hupoteza hapa.

Kasi ya prosesa ni sharti la kiasi. Lakini baadhi ya gemu zimeandikwa kwa amri za AVX, ambazo Intel walizileta na prosesa zao za mwaka 2011. Prosesa isiyozijua hata ingekuwa na mbio namna gani itagoma. Kadi nayo iko hivyohivyo. GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ilikuwa miongoni mwa kadi zenye nguvu kuliko zote za wakati wake, lakini haikuwa na njia mpya ya kuchora maumbo ambayo Alan Wake 2 iliitegemea, hivyo ilitaabika vibaya mbele ya kadi nyonge kuliko yenyewe, mpaka Remedy walipotoa sasisho mwaka 2024. Indiana Jones and the Great Circle, ya Desemba 2024, haikuacha hata upenyo huo: inahitaji kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na kima chake cha chini ni RTX 2060 Super. Familia nzima ya GTX imebaki nje.

Sharti la ndiyo au hapana linaweza hata lisihusu nguvu. Valorant ni gemu nyepesi sana. Kima chake cha chini kinakubali hata grafiki ya Intel HD 4000 iliyomo ndani ya prosesa. Lakini kwenye Windows 11 inadai vipengele viwili vya usalama wa kompyuta, TPM 2.0 na Secure Boot, viwe vimewashwa, kwa ajili ya kuzuia wadanganyifu. Fundi anaweza kukesha akibadilisha draiva wakati tatizo ni swichi moja kwenye mipangilio ya BIOS.

Sasa tufike kwenye majina ya vipuri, ambako nguvu nyingi ya anayeanza huishia. Turudi kwa yule muuzaji na Core i7 yake. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-12100 ni ya mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane, na stika ya i7 ndiyo inayovutia zaidi. Lakini kila kiini cha hiyo i3 kinafanya kazi karibu maradufu ya kiini cha i7 ile. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: kwenye 2600 ni 2, kizazi cha pili, kwenye 12100 ni 12, kizazi cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo ina habari. U, kama kwenye i5-8250U, ni prosesa ya mpakato iliyobuniwa kula umeme kidogo, na haiwezi kushikilia kasi yake ya juu kwa saa nzima ya mchezo jinsi ya mezani inavyoweza.

Kwenye kadi za grafiki mambo yamevurugika zaidi, na sioni sababu ya kuwatetea wanaozipa majina. GTX 1060 iliuzwa kwa GB 6 na kwa GB 3. Mnunuzi angedhani tofauti ni kumbukumbu tu. Kumbe ile ya GB 3 ina viini vya kuchorea 1,152 na ile ya GB 6 ina 1,280. GT 1030 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5 yenye kasi ya GB 48 kwa sekunde, kisha ikatoka nyingine kwa jina hilohilo yenye DDR4 ya GB 16.8 kwa sekunde, takriban theluthi moja. Na RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384 na kumbukumbu ya GB 24, wakati RTX 4090 ya mpakato ina viini 9,728 na GB 16. Jedwali linapotaja jina la kadi bila kusema zaidi, chukulia kwamba ni ya mezani, toleo kamili. Ukiwa na mpakato, tafuta majaribio yaliyofanywa kwenye mpakato.

RAM inaeleweka kirahisi zaidi, lakini kuna jambo moja ambalo jedwali halilitaji. GB 8 katika kijiti kimoja na GB 8 katika vijiti viwili vya GB 4 ni ujazo uleule, ila vijiti viwili huipa prosesa njia mbili za kufikia data badala ya moja. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, ambayo grafiki yake huazima RAM hiyohiyo, kuongeza kijiti cha pili mara nyingi ndiko kunakobadilisha hali kuliko kitu kingine chochote cha bei yake.

Kwa nini masharti yalipanda ghafla kuanzia 2023? Wengi huamini kwamba watengenezaji wamekuwa wazembe. Uzembe upo, lakini sababu kubwa imekaa sebuleni, chini ya televisheni. Gemu kubwa hutengenezwa kwanza kwa ajili ya PlayStation na Xbox. PlayStation 4 na Xbox One zilitoka Novemba 2013 zikiwa na kumbukumbu ya GB 8, diski ya kuzunguka na prosesa dhaifu. Kwa takriban miaka kumi, gemu yoyote iliyotaka kuuzwa huko ilipaswa kujibana humo, na kompyuta ya kawaida ikafaidika na kujibana huko. PlayStation 5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020 zikiwa na GB 16 na SSD, yaani hifadhi ya kasi isiyozunguka. Watengenezaji walipoacha kuzihudumia zile za zamani, kipimo cha chini cha dunia nzima kikahama. Cyberpunk 2077 inaonyesha mpito huo waziwazi: ilipotoka Desemba 2020 iliruhusu diski ya kawaida na RAM ya GB 8, kwenye jedwali la 2023 diski ya kawaida imeondolewa na RAM imekuwa GB 12. Starfield, ya Septemba 2023, iliandika SSD kama sharti tangu siku ya kwanza, pamoja na nafasi ya GB 125. Anayejua kalenda ya mashine hizi za sebuleni anaweza kukadiria masharti ya gemu kabla hayajatangazwa.

Uwanja huu una historia inayofaa kujulikana. Doom ya id Software, mwaka 1993, ilidai prosesa ya 386 na RAM ya MB 4, na watu wakaona ni mengi. Mwaka 1996 walewale wakatoa Quake, ambayo hesabu zake zilitegemea sana namba zenye desimali. Prosesa za Cyrix 6x86 zilikuwa zikiishinda Pentium katika kazi nyingi za ofisini, lakini kitengo chake cha desimali kilikuwa dhaifu, na Quake ikaziumbua. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema "mashine ina nguvu" bila kuulizwa: nguvu ya nini? Kisha ikaja Crysis ya Crytek, ya Frankfurt, Novemba 2007, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mtihani wa kila kompyuta. Crytek waliitengeneza wakitarajia kwamba viini vya prosesa vitaendelea kuongeza kasi mwaka hadi mwaka. Viwanda vikaelekea kwingine, kwenye kuongeza idadi ya viini, na kwa hiyo hata mashine zilizokuja miaka mingi baadaye ziliona baadhi ya sehemu zake kuwa nzito. Jedwali la mahitaji, kumbe, ni pia utabiri.

Tujaribu yote haya kwenye mashine moja ambayo mitaani ni ya kawaida: kompyuta ya ofisi iliyotumika, kasha dogo jembamba, ndani yake Core i5-6500, kijiti kimoja cha GB 8, SSD ya GB 256. Mwenyewe anataka kuweka kadi ya grafiki. Sharti la kwanza atakalokutana nalo halimo kwenye jedwali la gemu yoyote: pawasaplai ya kasha hili ni ndogo na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na kasha linapokea kadi za kimo kifupi tu. GTX 1050 Ti yenye GB 4 inafaa kwa sababu hutumia wati 75, kiasi ambacho nafasi ya kuichomeka kwenye bodi inaweza kutoa peke yake, na imetengenezwa pia kwa kimo kifupi. Kabla ya kulipa, afungue kasha na kupima kwa rula.

Sasa asome. Kwa jedwali la GTA V la 2015: i5-6500 ni ya vizazi vitatu baada ya i5-3470, 1050 Ti inaipita GTX 660, RAM inatosha. Atacheza kwa raha kwenye 1080. Lakini aangalie ananunua ipi, maana Machi 2025 Rockstar walitoa toleo jipya la gemu hiyohiyo kwa kompyuta, lenye masharti mazito zaidi, na la zamani likabaki kando. Kwa Cyberpunk 2077 ya sasa: prosesa iko chini ya i7-6700 inayotajwa, kadi iko chini ya GTX 1060 ya GB 6, RAM ni GB 8 dhidi ya 12. Prosesa na kadi ni mapungufu ya kiasi. Gemu itafunguka, na kwa kushusha ukubwa wa picha kadi itapata ahueni. RAM ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, na kijiti cha pili cha GB 8 ni rahisi kupatikana. Kwa Indiana Jones: hapana. Hata aongeze RAM mpaka ijae, jibu ni hapana, kwa kuwa kadi haina vifaa vya miale. Majibu matatu tofauti kutoka mashine moja, na hakuna hata moja lililohitaji kubahatisha.

Kwetu kuna mstari mwingine wa jedwali ambao una uzito kuliko unavyoonekana Ulaya: ukubwa wa faili. Counter-Strike 2 imeandika GB 85. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo ni gharama inayoweza kushindana na bei ya gemu ya kulipia, ilhali hii inatolewa bure. Hapo hatujataja masasisho. Microsoft Flight Simulator ya 2020 iliweka hata kasi ya intaneti miongoni mwa masharti, Mbps 5 kwa kima cha chini na 20 kwa inayopendekezwa, kwa sababu ardhi unayoruka juu yake hushushwa kutoka mtandaoni wakati unaruka. Gemu ya namna hii inaweza kubebwa vizuri na mashine na ikashindwa na mtandao.

Baada ya kusoma jedwali, tafuta video ya mtu anayecheza gemu hiyo kwa prosesa na kadi kama zako, yenye namba za fremu pembeni ya skrini, na uangalie tarehe yake, kwani masasisho hubadilisha mambo. Kisha tumia haki uliyonayo: duka la Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Saa hizo mbili usizimalize kwenye chumba cha mwanzo cha mafunzo, ambacho karibu kila mashine hukimudu, na kumbuka kwamba dakika ambazo gemu inaandaa picha zake mara ya kwanza nazo zinahesabiwa. Nenda moja kwa moja kwenye soko lenye watu wengi, mvua, usiku wenye taa, uendeshe gari kwa kasi katikati ya mji, huku namba ya fremu ikiwa wazi mbele yako.